Mrija au Kifuniko: Mjadala wa Vihisi vya Kina cha Maji

Dodoma inakunywa kutoka ardhini. Kwa miongo mingi mji huu umetegemea uwanja wa visima wa Makutupora, na tunachokijua kuhusu akiba ile kinatokana na kazi moja ya subira: kupima usawa wa maji kisimani tangu katikati ya miaka ya 1950. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Richard Taylor wa University College London walichapisha uchambuzi wa rekodi hiyo ya miaka 55. Walionyesha kwamba maji hayarudi ardhini kidogokidogo kila mwaka. Hurudi kwa wingi katika misimu michache ya mvua kubwa, kama ule wa El Niño wa 1997/98, kisha miaka hupita usawa ukishuka. Aliyekosa vipimo katika msimu mmoja wa namna hiyo amekosa habari ya muongo mzima.

Siku hizi kazi hiyo hupewa vihisi vya mgandamizo vinavyozamishwa. Ni silinda ndogo ya chuma inayoning'inizwa kwa kebo ndani ya kisima, na ndani yake mna kiwambo chembamba kinachonesa kadiri maji yanavyokilemea. Vingi hutumia silikoni, ambayo ukinzani wake wa umeme hubadilika ikibanwa; Charles S. Smith wa Bell Laboratories alilitangaza jambo hilo mwaka 1954, karibu na wakati ule ule rekodi ya Makutupora ilipokuwa inaanza. Kifaa ni kizuri. Kinachoharibika ni uchaguzi wake, na uchaguzi huo hufanywa na watu ambao mara nyingi hawajaketi meza moja.

Nimewaketisha. Mjadala huu nimeutunga mwenyewe, na wasemaji wake nawataja kwa kazi zao tu. Wanataka kununua vihisi vya visima vya uangalizi vilivyotawanyika porini, na vichache vya visima vyenye pampu.

AFISA UNUNUZI: Nukuu za bei ninazo tatu hapa mezani. Wote wameandika usahihi wa asilimia 0.1, wote wanasema chuma kisichoshika kutu, wote wanatoa dhamana. Maelezo ya kiufundi yakilingana, natakiwa kumchukua mwenye bei ya chini. Mkaguzi akiniuliza kwa nini sikumchukua, nimjibu nini?

MHAIDROLOJIA: Tuanze na hiyo asilimia, kaka. Ni asilimia ya upeo wa kifaa, wala si ya maji unayoyapima. Huyo wa bei ya chini amekupa upeo gani?

AFISA UNUNUZI: Mita 100. Anasema ndicho bora kwa kuwa kinafika mbali.

MHAIDROLOJIA: Asilimia 0.1 ya mita 100 ni sentimita 10. Chenye upeo wa mita 20, kwa asilimia ile ile, kosa lake ni sentimita 2. Kwenye karatasi vimelingana. Kisimani kimoja kinakosea mara tano zaidi ya kingine.

FUNDI: Lakini Injinia, kisima kimeenda chini mita 120. Nikikuletea kihisi cha mita 20 si kitapasuka?

MHAIDROLOJIA: Kihisi hakijui kisima kimeishia wapi, Fundi. Kinajua maji yaliyo juu yake tu. Tuseme maji yamesimama mita 35 kutoka mdomo wa kisima, nawe ukakining'iniza mita 50. Juu yake pana mita 15 za maji. Ongeza nafasi ya mvua kubwa, maana maji yakipanda mzigo unazidi, na ongeza nafasi ya kiangazi, maana yakishuka chini ya kihisi utabaki unapima hewa. Ndipo uchague upeo. Kisima cha mita 120 kinaweza kabisa kupimwa kwa kihisi cha mita 20 au 30.

Hapa nasimamisha maneno, kwa sababu nadhani pesa nyingi hupotea mahali hapa kuliko pengine popote. Mnunuzi husoma kina cha kisima kwenye taarifa ya mchimbaji, akaagiza kihisi cha kina hicho, akajiona amekuwa mwangalifu. Amelipia mita nyingi ambazo hazitapimwa kamwe, na amelipia kosa kubwa zaidi juu yake. Namba tatu zinahitajika kabla ya kuandika lolote: maji yanasimama wapi leo, yamewahi kupanda hadi wapi, na yanaweza kushuka hadi wapi. Kama taasisi haina namba hizo, inunue kwanza utepe wa kupimia kina, ule unaolia ukigusa maji, imtume mtu akapime.

MSOMA KIPIMO: Mnazitaja sentimita kana kwamba ni za kutupa. Ziwa Victoria linasomwa tangu mwaka 1896. Mei 2020 lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaivuka rekodi ya mwaka 1964 iliyokuwa mita 13.41. Sentimita moja! Kwa chombo chenye kosa la sentimita 10, nani angethubutu kusema rekodi imevunjwa?

AFISA UNUNUZI: Nimekuelewa, mzee. Basi nikiandika upeo wa mita 30 na asilimia 0.1, nimemaliza?

MHAIDROLOJIA: Bado. Wauzaji wengine huandika kosa la kutonyooka kwa mstari peke yake, tena lililopimwa maabara kwenye joto la nyuzi 20 au 25. Kuna kosa la kutorudi palepale baada ya maji kupanda na kushuka, kuna kosa la joto, kuna kipimo kuhama polepole mwaka hadi mwaka. Dai wakuandikie jumla ya makosa yote katika kiwango chetu cha joto, na kando yake waandike kinahama kiasi gani kwa mwaka. Ukifanya hivyo bei zitaanza kutofautiana kwa sababu zinazoonekana, na mkaguzi utakuwa na la kumjibu.

FUNDI: Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Mimi nataka chenye mrija. Ndani ya kebo mna kijimrija kinachopitisha hewa ya juu hadi nyuma ya kiwambo. Hewa inasukuma mbele, inasukuma nyuma, zinafutana, unabaki na maji. Ukikifunga leo, leo leo unasoma. Nyinyi wa vitabuni mnataka kile kilichozibwa kabisa, ambacho lazima uende na kompyuta na kipimahewa ndipo upate jibu.

MHAIDROLOJIA: Kilichozibwa kinapima mzigo wote, hewa na maji, ni kweli. Ni kama mchukuzi mwenye gunia kichwani: anajua uzito, hajui ndani mna nini. Ndiyo maana tunaweka kipimahewa pembeni, tunaitoa hewa, tunabaki na maji. Sikatai kwamba ni hesabu zaidi. Lakini mrija nao una ugonjwa wake, Fundi, nawe unaujua kuliko mimi.

FUNDI: Unyevu.

MHAIDROLOJIA: Unyevu. Usiku hewa ndani ya mrija inapoa, mvuke unageuka matone, tone moja linatosha kuziba.

FUNDI: Kwa hilo kuna kikopo cha chembe za silika juu ya kebo. Zinanyonya unyevu. Zikibadilika rangi unaweka nyingine. Kazi ya dakika tano.

MSOMA KIPIMO: Dakika tano ukishafika, kijana wangu. Visima vya uangalizi viko porini. Masika ikikolea, gari halipiti. Na unyevu wenyewe unakuja masika hiyo hiyo. Chembe zitachoka wakati hakuna wa kuzibadilisha.

AFISA UNUNUZI: Mrija ukiziba, kifaa si kitazimika tukajua?

FUNDI: Hapana, bosi. Hapo nasema ukweli hata kama unaniumiza. Hakizimiki. Kinaendelea kutoa namba nzuri tu. Hewa iliyobaki nyuma ya kiwambo imefungiwa, haibadiliki na ya nje, kwa hiyo kila hewa inapobadilika kifaa kinakwambia maji yamebadilika.

MHAIDROLOJIA: Na huku kwetu hewa ina kujaa na kupwa kwake, kama bahari. Mgandamizo hufika juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, hushuka karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Ni hektopaskali tatu hadi nne kwa siku, na kila hektopaskali moja ni sentimita moja ya maji. Mrija ukiziba, mchoro wako utaonyesha maji yanapanda na kushuka sentimita tatu au nne kila siku kwenye kisima ambacho hakuna anayekivuta. Mtu atakuja kuandika ripoti kwamba kuna pampu ya siri jirani.

Nataka msomaji alitazame jambo hili kwa makini, kwani ushauri mwingi wa kununua vihisi umeandikwa Ulaya na Marekani, ambako dhoruba za baridi huweza kuishusha au kuipandisha hewa kwa hektopaskali thelathini na zaidi ndani ya siku chache. Kule kosa la hewa hujitangaza. Kwetu hewa ni tulivu, hivyo wapo wanaodai kwamba karibu na ikweta mtu anaweza kukaa bila kipimahewa: atoe namba moja isiyobadilika, basi. Kwa mto unaofurika mita tatu, sawa, sitamgombeza. Kwa akiba ya ardhini inayoshuka sentimita chache kwa mwezi, mabadiliko ya siku moja ya hewa yanatosha kuificha habari yenyewe.

Tena kuna jambo ambalo Fundi hakulisikia kwa mhaidrolojia, nami nalisema kwa niaba yake. Katika mwamba wa maji uliofunikwa na tabaka la udongo mzito, hewa ikipanda maji ya kisimani hushuka kweli kweli, kwa sababu hewa inayasukuma moja kwa moja mdomoni mwa kisima ilhali ardhini sehemu ya uzito huo inabebwa na mwamba. Kihisi chenye mrija, hata kikiwa kizima, kitakuonyesha mshuko huo bila kukuonyesha hewa iliyousababisha. Mwenye kipimahewa anaviona vyote viwili, na kutokana na uhusiano wake anajifunza kama maji yake yamefunikwa au yako wazi. Hewa aliyoitoa imempa habari ambayo hakuilipia.

AFISA UNUNUZI: Kwa hiyo kila kisima kihisi na kipimahewa chake? Bajeti haitoshi.

MHAIDROLOJIA: Kimoja kinahudumia visima vyote vya eneo lile. Hewa hubadilika kwa pamoja kwa kilomita nyingi. Tofauti ya mwinuko kati ya kisima na kisima karibu haibadiliki, unaifuta siku ya kwanza kwa utepe. Ila naomba viwili, kimoja cha akiba, kwa sababu kipimahewa kikifa, vihisi vyote vimekuwa vipofu.

FUNDI: Na kifungwe wapi? Nimeona watu wanakiweka kwenye sanduku la bati juani.

MHAIDROLOJIA: Ndani ya mdomo wa kisima, kivulini, juu ya pale maji yanapoweza kufika mvua ikiwa kubwa. Mwaka wa mvua nyingi maji yakikizamisha kinaanza kupima maji, na ndio mwaka tunaouhitaji zaidi. Kifuniko cha kisima kiwe na tundu ili hewa ipite. Na saa za vifaa vyote ziwekwe sawa.

MSOMA KIPIMO: Kaka, andika na hili kwenye zabuni yako: upeo ni wa maji matupu, au ni wa maji pamoja na hewa? Hapa Dodoma tuko juu zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na hewa peke yake ina uzito wa takribani mita 9 za maji. Pwani inazidi mita 10. Kihisi kilichozibwa kikiandikwa mita 20, na muuzaji akawa amehesabu hewa humo, umebakiwa na mita 11 tu.

Mzee huyu hajamaliza. Kila ninapofikiria mezani pawe na nani, namweka mtu wa aina yake kwanza.

MSOMA KIPIMO: Na kuna lingine linanisumbua. Napima kwa utepe, nasoma kwenye kihisi, haviafikiani. Nikirekebisha siku hiyo vinalingana. Maji yakishuka mita tano, vinaachana tena, kidogo lakini kwa upande ule ule.

MHAIDROLOJIA: Ahsante, mzee wangu, kwa kulisema, maana wengi huliona wakanyamaza. Kihisi hakipimi mita. Kinapima mgandamizo, kisha kiwanda kinageuza kuwa mita kwa maji baridi ya nyuzi 4 na mvutano wa dunia wa 9.80665. Karibu na ikweta mvutano ni takribani 9.78. Na maji yetu yakiwa ya nyuzi 27 ni mepesi zaidi. Vikijumlishwa vinapunguza kipimo kwa zaidi ya nusu ya asilimia. Kwenye mita 15 za maji ni karibu sentimita 9. Kwenye mshuko wako wa mita tano ni sentimita tatu, upande ule ule kila mara, kama ulivyoona.

AFISA UNUNUZI: Yaani tunalipia sentimita 2 za usahihi, halafu tunapoteza 9 bure?

MHAIDROLOJIA: Bure kabisa, na dawa yake haina gharama. Programu nyingi zinakuruhusu kuingiza mvutano na uzito wa maji wa mahali pako. Usipoingiza, umelipia kiwanda usahihi usioufikia.

FUNDI: Haya, visima vya porini nimewaachia. Visima vya pampu ni vyangu. Pale kuna mwendesha mitambo kila siku, kuna umeme, na jibu linatakiwa sasa hivi ili pampu izimwe kabla haijanyonya hewa. Hapo nataka chenye mrija, waya mbili, miliampea 4 hadi 20. Mkondo huo haupungui kwa urefu wa kebo, na kebo ikikatika unasoma sifuri badala ya nne, unajua papo hapo.

MHAIDROLOJIA: Hapo sina ubishi. Chembe za silika zitabadilishwa na mtu aliyepo.

FUNDI: Kihisi kisifungwe kwenye bomba la pampu kwa utepe wa plastiki, nakataa. Kiwe na bomba lake dogo la plastiki, lenye matundu chini, ili siku ya kuivuta pampu kebo isikatike. Kikae juu ya pampu, na upeo wake ufuate maji yanapokuwa juu kabisa pampu ikiwa imepumzika. Na radi! Kebo ndefu inayoingia ardhini ni mwaliko. Kinga ya radi iwekwe juu, na iwe na waya nzuri ya ardhi.

Pwani nitaipitia haraka, kwa kuwa majibu yake hayana ubishi mwingi. Visima vya Dar es Salaam na Zanzibar vilivyo karibu na bahari vinaweza kuvuta chumvi, na chumvi huchimba vitundu kwenye chuma cha pua hata kile kinachouzwa kama kisichoshika kutu. Ganda la titani linagharimu zaidi na linadumu. Kwenye maji ya bahari nisingenunua kingine. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji baridi kwa takribani asilimia 2.5, kwa hiyo mita 10 za bahari husomeka kama mita 10 na robo kama hukukiambia kifaa. Na kisimani ambamo maji baridi yameelea juu ya chumvi, namba moja ya kihisi haitoshi kukueleza kina; pima na chumvi pia.

AFISA UNUNUZI: Swali langu la mwisho. Vitu hivi vinajipima vyenyewe usiku na mchana. Mzee naye kazi yake inaisha?

MSOMA KIPIMO: Jibu, binti yangu.

MHAIDROLOJIA: Haiishi. Kihisi kinahama. Kebo mpya inanyooka kidogo ikishaning'inia. Mtu anakivuta kuchukua data, anakirudisha sentimita tano juu ya pale kilipokuwa, na mchoro unaruka. Pasipo kipimo cha utepe chenye tarehe na saa, hakuna atakayejua kama mruko ule ni wa maji au wa kamba. Kila anayekigusa kihisi apime kwa utepe kabla na baada, aandike kwenye daftari, na daftari likae kisimani au ofisini, lisikae kwenye simu ya mtu.

Mimi nimesimama wapi, msomaji ana haki ya kujua. Kwa visima vya uangalizi vya nyanda kame, vya mbali, ningenunua vihisi vilivyozibwa vyenye kinasa data ndani, upeo wa mita 20 au 30 za maji kulingana na vipimo vya utepe, pamoja na vipimahewa viwili. Kwa visima vya pampu namfuata Fundi bila shaka yoyote. Na kabla ya vyote hivyo ningenunua tepe mbili nzuri za kupimia kina na kumwekea msoma kipimo fungu la mafuta ya safari, kwa sababu rekodi ya Makutupora ilianza katika wakati ambao kihisi cha aina hii hakikuwapo sokoni, na ndiyo iliyotufundisha namna maji ya Dodoma yanavyorudi ardhini.

Kwa afisa ununuzi, nakuomba uandike haya katika maelezo ya zabuni: upeo wa maji pasipo hewa, jumla ya makosa yote kwa sentimita badala ya asilimia, kiasi cha kuhama kwa mwaka, aina ya ganda na ya kebo, na ruhusa ya kuingiza mvutano na uzito wa maji. Mzigo ukifika, usisaini kabla ya kujaribu. Chenye mrija kikiwa hewani kisome sifuri. Kilichozibwa kisome sawasawa na kipimahewa. Kisha simamisha bomba la plastiki la mita tatu, ziba chini, lijaze maji, zamisha kila kihisi hadi mwisho, na ulinganishe na futi ya chuma. Kitakachokataa kukubaliana na futi, kirudi kwa muuzaji siku hiyo hiyo.